Kabla ya Kuukata Mti, Tuulize Nani Aliupalilia

Ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, ina siku moja ambayo kila kocha anaiogopa. Wanaiita Jumatatu Nyeusi. Msimu wa kawaida ukimalizika Jumapili mwanzoni mwa Januari, kesho yake simu zinaanza kulia. Makocha wakuu wa timu zilizofanya vibaya wanaitwa ofisini, wanashukuriwa kwa maneno mawili matatu, kisha wanafungasha virago. Mashabiki wanashangilia. Wiki chache baadaye anatambulishwa kocha mpya mwenye tabasamu na ahadi, na saa ya kumhesabia siku inaanza upya.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza seminari inahusikaje na watu wanaogombea mpira wenye umbo la yai. Inahusika, kwa sababu swali lililo nyuma ya Jumatatu hiyo ni letu sote: mambo yanapoharibika, nani anawajibika? Tunaona kwamba katika mchezo huu, kama ilivyo mahali pengi, anayeadhibiwa mara nyingi ni yule aliye rahisi kuondolewa, na anayesalimika ni yule aliyemchagua.

Kwanza tueleze kazi zilivyogawanyika. Ligi ina klabu 32, na kila moja hucheza mechi 17 katika msimu wa kawaida. Kocha mkuu hupanga mbinu na kuwaongoza wachezaji. Katika klabu nyingi kuna meneja mkuu, anayesajili wachezaji na kuchagua vijana kutoka vyuo vikuu. Juu yao yupo mmiliki. Ukiiacha Green Bay Packers, ambayo ni mali ya mashabiki wenye hisa, klabu hizi ni za matajiri na familia zao. Mmiliki anaweza kumfukuza yeyote, ila yeye hana wa kumfukuza.

Tuanze na Cleveland. Jimmy Haslam aliinunua klabu ya Browns mwaka 2012. Siku ya mwisho ya mwaka huohuo, kocha Pat Shurmur na meneja mkuu Tom Heckert walifukuzwa. Akaja Rob Chudzinski, ambaye kibarua chake kiliota nyasi baada ya msimu mmoja tu. Wiki chache baadaye Joe Banner na Mike Lombardi, viongozi wa klabu, nao wakaondoka. Mike Pettine alidumu misimu miwili, kisha yeye na meneja mkuu Ray Farmer wakafukuzwa siku moja. Hue Jackson akashinda mechi 1 na kupoteza 15 katika msimu wa 2016, halafu akapoteza zote 16 katika msimu wa 2017. Aliondolewa Oktoba 2018. Freddie Kitchens naye alipewa msimu mmoja. Ukihesabu kuanzia Desemba 2012 hadi Desemba 2019, makocha watano walifukuzwa chini ya mmiliki mmoja.

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila kocha huja na mfumo wake, na mfumo huo unahitaji wachezaji wa aina yake. Mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira inambidi ajifunze lugha ya mbinu hizo kama mwanafunzi anavyojifunza Kilatini. Ukibadilisha mwalimu kila mwaka, mwanafunzi anabaki kwenye somo la kwanza. Cleveland walimchagua Brandon Weeden kwa nafasi hiyo mwaka 2012, na Johnny Manziel mwaka 2014, wote katika raundi ya kwanza ambako klabu hutafuta vipaji bora. Kila mmoja aliachwa baada ya misimu miwili. Hatusemi kwamba walikuwa malaika, wala kwamba wangefaulu kwingine. Tunasema tu kwamba shamba linalopandwa mahindi leo na kung'olewa kesho ili kupandwa mihogo halitamlisha mtu.

Sasa tusafiri saa mbili na kidogo kwa gari hadi Pittsburgh. Klabu ya Steelers ilianzishwa mwaka 1933 na Art Rooney, Mkatoliki aliyejulikana kwa kuhudhuria Misa kila siku. Isidhaniwe kwamba sala zake zilimletea makombe upesi. Kwa miaka karibu 40 klabu yake haikutwaa ubingwa hata mara moja, na katika miaka hiyo nayo ilibadilisha makocha mara kwa mara. Mwaka 1969 wakamwajiri Chuck Noll, aliyekuwa bado kijana. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 1 na kupoteza 13. Katika misimu miwili iliyofuata bado alipoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda.

Leo mtu wa namna hiyo asingeiona Jumatatu ya pili. Akina Rooney walimwacha afanye kazi, nao wakafanya ya kwao, yaani kumletea vijana wazuri mwaka baada ya mwaka. Noll akatwaa Super Bowl mara nne ndani ya misimu sita, kuanzia ule wa 1974 hadi ule wa 1979. Alipostaafu mwaka 1991 akafuatwa na Bill Cowher, na kisha Mike Tomlin. Kuanzia 1969 hadi 2024 klabu hiyo iliongozwa na makocha wakuu watatu tu. Ofisini nako kulikuwa na utulivu: Kevin Colbert alisimamia usajili wa wachezaji tangu mwaka 2000 hadi 2022.

Kuna watakaotupinga, na hoja yao ina uzito. Watasema mabadiliko nayo huleta heri. Mwaka 1989 Jerry Jones aliinunua Dallas Cowboys na papo hapo akamfukuza Tom Landry, kocha aliyekuwa hapo kwa misimu 29. Watu walilia, lakini kocha mpya, Jimmy Johnson, alitwaa ubingwa katika msimu wa 1992 na tena wa 1993. Ni kweli. Ila tusome habari yote. Msimu wa kwanza wa Johnson ulikuwa ushindi 1 na vipigo 15, na hakufukuzwa. Landry mwenyewe hakushinda hata mechi moja katika msimu wake wa kwanza, mwaka 1960. Baada ya miaka minne ya kupigwa, mmiliki wa wakati huo, Clint Murchison, alimwongezea mkataba wa miaka 10. Kwa hiyo hata Dallas, mfano wa wapenda mabadiliko, ilijengwa mara mbili na watu waliokubali kuvumilia kuanguka kwa mwanzo.

Lipo jambo jingine zito zaidi, nalo ni la haki. Mwaka 2003 ligi iliweka kanuni kwamba klabu inayotafuta kocha mkuu lazima imhoji angalau mtu mmoja wa jamii za wachache. Inaitwa Kanuni ya Rooney, kwa jina la Dan, mwana wa Art, aliyeisimamia. Kanuni ilifungua mlango wa kuingilia, lakini haikusema mtu akae ndani kwa muda gani. Mwaka 2018 Arizona Cardinals walimfukuza Steve Wilks baada ya msimu mmoja. Houston Texans walimfukuza David Culley baada ya msimu wa 2021, na Lovie Smith baada ya msimu wa 2022. Kila mmoja alipewa msimu mmoja. Wote watatu ni Weusi. Ni haki kusema kwamba walipoteza mechi nyingi, na kwamba Houston kisha walimwajiri DeMeco Ryans, naye Mweusi, akafanikiwa mapema. Hata hivyo, Arizona na Houston mameneja wakuu waliowaleta makocha hao walibaki vitini mwao. Kosa la kuchagua halikuwa na mwenyewe.

Wanaoelewa Walawi sura ya 16 wanamjua yule mbuzi aliyebebeshwa dhambi za watu na kupelekwa jangwani. Waisraeli angalau walijua dhambi zile ni zao. Sisi wa leo tunamfukuza mbuzi tukiamini kweli kwamba ndiye aliyekosa.

Wala haondoki peke yake. Kocha mkuu aghalabu huendelea kulipwa hadi mkataba wake uishe. Lakini wasaidizi wake wengi hawana uhakika wa kubakizwa na kocha mpya, na familia zao huenda zikahamia mji mwingine katikati ya mwaka wa shule. Mwaka 1981, katika waraka wake kuhusu kazi, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Fundisho hilo halina kipengele kinachowaondoa matajiri wa michezo.

Hatusemi kocha asifukuzwe kamwe. Katika Luka 13, mwenye shamba aliyekosa matunda kwenye mtini wake kwa miaka mitatu alikuwa na haki ya kutaka ukatwe. Mtunzaji hakumwambia ausamehe milele. Aliomba mwaka mmoja zaidi, na akaahidi kuupalilia na kuutilia mbolea. Baada ya hapo, kama hauzai, ukatwe. Subira ile ilikuwa na jembe mkononi na tarehe ya mwisho.

Basi tunatamani kila mmiliki ajibu maswali mawili kabla ya Jumatatu Nyeusi: nilimpa nini mtu huyu ili afaulu, na nani alimchagua? Na sisi tunaotazama kwa mbali, tukiwa waseminari watakaokabidhiwa watu kesho, au waamini wanaochagua viongozi wa jumuiya na kamati, tujizoeze maswali hayohayo. Ni rahisi kuomba kichwa cha aliyeshindwa. Ni vigumu zaidi kukiri kwamba jembe lilikuwa mkononi mwetu, nasi hatukulitumia.