Bundi wa Ghalani

Katika maghala ya nafaka, viwanda vya pamba na hata ofisi zenye dari bovu, bundi huingia akafanya makazi. Siku anapoonekana kazi husimama. Mmoja huleta fimbo, wa pili manati, na wa tatu huanza kukumbuka ni nani aliyeugua wiki iliyopita. Kabla ya adhuhuri ndege yule ni maiti, na makinda wake, kama anao, wameachwa darini wafe kwa njaa. Msimamizi wa kazi, ambaye angefoka kama kingevunjwa kioo kimoja cha dirisha, hutazama tu.

Jambo hili ni ovu, na likifanywa na Waislamu lina aibu maradufu. Waarabu wa zama za ujahiliya waliitakidi kwamba roho ya mtu aliyeuawa hugeuka bundi, akawa analia juu ya kaburi akitaka kunyweshwa mpaka kisasi kilipwe. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. aliikanusha itikadi hiyo pamoja na kila imani ya mkosi. (Lugha yetu yenyewe ina mazoea hayo, kwani ishara ya shari twaiita ndege mbaya.) Ni ajabu iliyoje basi, mtu kutoka kusali Alfajiri, na saa mbili baadaye awe anamrushia mawe bundi kwa kuogopa kilio chake! Tena Mtukufu Mtume s.a.w. alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na masahaba walipochukua makinda wa ndege mmoja safarini, aliamuru mama yao arudishiwe.

Sasa tumtazame ndege mwenyewe. Yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, ambaye ndiye apendaye majengo, chakula chake kikubwa ni panya. Masikio yake hayakukaa sawasawa, moja liko juu kuliko jingine, na kwa hiyo hata gizani hupambanua mchakacho unatoka wapi. Huweza kula panya watatu au wanne kwa usiku mmoja, na akiwa na makinda huwinda zaidi. Mifupa na manyoya huyatapika katika madonge. Mwenye ghala akiyapasua ataona mafuvu ya panya, naye atajua ni nani aliyekuwa akimlindia magunia bila mshahara. Wenye mashamba ya michikichi nchini Malaysia walilitambua hilo, wakawawekea bundi masanduku ya kutagia. Sisi twamuua mlinzi, kisha twaenda dukani kununua sumu ya panya. Na nyingi ya sumu hizo, zenye kuzuia damu isigande, haziui papo hapo: panya aliyezila huendelea kutembea siku kadhaa, na bundi au paka amlaye hudhurika naye.

Je, aachwe achafue magunia? La. Kinyesi chake ni kero ya kweli, na magunia yafunikwe turubai. Lakini kwanza itazamwe kama ana mayai au makinda. Mayai huatamiwa kiasi cha mwezi mmoja, na makinda huruka baada ya miezi miwili hivi. Ni subira ya miezi mitatu tu. Wakishaondoka, tundu lizibwe usiku, baada ya kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani, na sanduku la mbao litundikwe nje, juu ya ukuta au mti wa karibu. Aliyejeruhiwa awekwe katika boksi lenye giza na matundu ya hewa, na anayemshika avae glavu nene, maana kucha zake ni kali.

Nyoka ni mlango mwingine. Watu wasogezwe mbali, na asiye na ujuzi asimguse wala asimpige. Wengi huumwa wakijaribu kumuua.

Nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 ipo, na mnyama hawi mali ya mwenye jengo kwa sababu tu ameingia ndani yake. Tunawaomba wasomaji wetu walio wasimamizi wa maghala na viwanda waandike ukutani namba ya simu ya afisa wanyamapori wa wilaya, kando ya ile ya zimamoto, na wamtaje mfanyakazi mmoja atakayeitwa siku bundi, kima au nyoka atakapoonekana. Hayo yafanywe kabla mavuno hayajaingia ghalani.