Daktari na Umri wa Kijana Aliye Mahakamani

Mara nyingi hatima ya kijana anayeshtakiwa huanza kuamuliwa kabla shahidi wa kwanza hajasimama, pale umri wake unapoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa kawaida kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, tena faraghani, na kifungo cha gerezani ni marufuku. Akitiwa hatiani huweza kuachiwa chini ya uangalizi au kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya. Aliyetimiza miaka 18, kwa kosa lile lile, huenda jela pamoja na watu wazima.

Cheti cha kuzaliwa kinapokosekana, daktari huombwa maoni. Hapo ndipo taaluma ya tiba inapoelekea kuahidi isichokuwa nacho. Picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto hulinganishwa na atlasi ya Greulich na Pyle, iliyotokana na watoto wa familia zenye uwezo wa Cleveland, Marekani, waliopigwa picha miaka ya 1930. Utapiamlo wa muda mrefu na selimundu huchelewesha ukuaji wa mifupa. Kwa upande mwingine, wapo vijana wa miaka 17 ambao mifupa yao imekwisha kuungana. Hata kwa mwenye afya njema, tofauti ya miaka miwili si ajabu. Daktari anayeandika “miaka 19” bila neno la ziada amekosea, hata kama picha ameisoma sawasawa. Aandike kiwango cha chini na cha juu, na aeleze sababu ya shaka yake.

Wapo wanaohofu kwamba watu wazima watajificha nyuma ya shaka hiyo. Hofu ina msingi, kwani waliotendewa uhalifu nao wanadai haki. Lakini mtu mzima aliyedhaniwa mtoto bado atahukumiwa. Mtoto aliyefungwa na watu wazima harudishiwi alichopoteza humo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, mwaka 2019, ilielekeza shaka imnufaishe mtoto.

Wazazi nao wasiitupe kadi ya kliniki mtoto anapoanza shule, kama wengi wafanyavyo. Tarehe aliyoiandika muuguzi siku ya chanjo ya kwanza inaaminika kuliko mfupa wowote.