Maua ya Bukavu yanakufa kwa maji, si kwa kiu

Bukavu, Kivu Kusini – Katika tarafa za Ibanda, Kadutu na Bagira, ni nyumba chache zisizo na mmea kwenye baraza. Wenye uwezo wananunua vyungu vya saruji au vya udongo. Wengine wanatumia ndoo iliyopasuka, bidoni iliyokatwa katikati au kopo la maziwa ya unga. Humo mna waridi, alovera na maua ya majani. Kwa familia zisizo na kiwanja kwenye vilima vyetu vilivyobanana, mna pia lenga-lenga, seleri na pilipili za chunguni.

Mmea ukianza kulegea, dawa ni moja kila mahali: maji. Ukizidi kulegea, unaongezewa. Baada ya wiki mbili unatupwa jalalani, na lawama anapewa muuzaji wa miche, au inasemwa kwamba mama wa nyumba "hana mkono wa maua". Lawama hizo hazina haki. Mara nyingi mmea huo umezamishwa na watu waliotaka kuuokoa.

Mzizi unapumua. Unahitaji hewa iliyo katika nafasi ndogo ndogo za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji siku nyingi, mzizi unakosa hewa, unakufa, kisha vimelea vya kuozesha vinaushambulia. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji hata ukiwa umezungukwa nayo. Ndiyo maana majani yananyauka juu ya udongo uliolowa, na mwenye mmea anadhani ni kiu. Mkulima wa bondeni kule Walungu au Kabare anajua jambo hili vizuri: kabla ya kupanda penye majimaji anachimba mifereji na kuinua matuta. Mtoto wake akihamia mjini anapanda katika ndoo isiyo na hata tundu moja.

Bukavu yenyewe inachangia. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa miezi mingi, takriban Septemba hadi Mei, ni majira ya mvua. Hewa ni baridi kiasi, na chungu kilicho kivulini kinachelewa kukauka. Mtu aliyezoea kumwagilia kila siku katika joto la Uvira, akifanya vivyo hivyo Nguba au Bagira, ataozesha mimea. Tena udongo wetu mwekundu unashikamana. Ukiwekwa mtupu katika kopo, baada ya mvua chache unakuwa mgumu kama tofali, na hewa haipiti.

Kujua ugonjwa hakuhitaji mtaalamu. Kwanza ni kidole: kiingizwe kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo wenye unyevu, mmea haudai maji, hata kama majani yameinama. Pili ni uzito: chungu kikinyanyuliwa siku ya kumwagilia na siku tatu baadaye, mkono unajifunza tofauti. Tatu ni pua: udongo wenye afya una harufu ya shamba baada ya mvua, na ulioozesha mizizi unanuka kama mtaro. Ikibaki shaka, mmea utolewe chunguni taratibu. Mizizi mizima ni migumu, na kwa mimea mingi ni myeupe au ya rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia, laini, na ikivutwa ganda lake linachomoka na kuacha uzi.

Mmea wa namna hiyo bado unaweza kuokolewa ikiwa shina ni gumu. Mizizi iliyooza ikatwe yote kwa kisu kilichooshwa na kupitishwa motoni. Majani nayo yapunguzwe, maana mizizi michache haiwezi kulisha mzigo ule ule. Udongo wa zamani utupwe. Mpya uchanganywe na mchanga wa chembe kubwa na mboji iliyooza vizuri, mpaka ukifinywa mkononi uvunjike kirahisi. Chombo kisiwe kikubwa kupita mizizi iliyobaki, kwa kuwa udongo usio na mizizi unakaa na maji bila wa kuyanywa. Kimwagiliwe mara moja hadi maji yatoke chini, kisha kikae penye mwanga bila jua kali. Mbolea isubiri hadi jani jipya litokee. Mizizi ikiwa imekwisha yote, tawi zima likatwe na kupandwa upya. La mmea wenye majani manene liachwe kwanza siku chache kidonda kikauke.

Wapo wanaoweka mawe chini ya chungu wakiamini yanasaidia maji kutoka. Hayasaidii. Maji yanabaki katika udongo ulio juu ya mawe hadi ujae kabisa, na mizizi inapunguziwa nafasi. Kinachosaidia ni matundu, na msumari uliopashwa moto unayatoboa kwenye bidoni kwa dakika chache. Sahani ya chini imwagwe kila baada ya mvua.

Ni kweli kuna mimea inayokufa kwa ukavu, hasa kati ya Juni na Agosti. Udongo wake umejitenga na ukuta wa chungu, na maji yakimiminwa yanapita pembeni na kutoka chini upesi. Huo unahitaji kuwekwa nusu saa ndani ya beseni la maji, kisha uachwe uchuruzike. Ikiwa mizizi imejizungusha kama kamba hadi udongo hauonekani, ilegezwe kwa vidole, na mmea uhamishiwe chungu kilichozidi cha kwanza kwa upana wa vidole viwili.

Atatokea wa kusema kwamba mji wenye maporomoko ya udongo, bomba kavu na mashaka ya usalama hauna muda wa kujadili maua. Lakini bomba kavu ndilo linalofanya jambo hili liwe na uzito. Nyumba yenye vyombo kumi, kila kimoja kikipewa nusu lita kwa siku, inatumia lita 35 kwa wiki, karibu bidoni mbili za lita 20. Maji ya Regideso yakikatika, bidoni hizo zinapandishwa mlimani kichwani au mgongoni, mara nyingi na mtoto. Hakuna haki katika kumtuma mtoto achote maji ya kuozesha mizizi. Na seleri au pilipili iliyookolewa ni pesa ambayo haikwenda sokoni.

Wauza miche wa kando ya barabara wanaweza kuanza: wasiuze chombo bila tundu, na wamwambie mnunuzi lini amwagilie. Mteja ambaye mmea wake umeishi atarudi kununua mwingine. Bukavu pia ina vitivo vya kilimo, katika Chuo Kikuu cha Kiinjili cha Afrika (UEA) na katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB). Wanafunzi wake wakitoa somo la saa moja kwenye shule za msingi, watoto watarudi nyumbani na elimu ambayo wazazi hawakuipata. Lakini hata kabla ya hayo, kila nyumba ina kidole cha kupimia udongo. Kitangulie, bidoni ifuate.