Mwendo wa Watoto

Kila mwaka ifikapo wiki ya Krismasi, barabara kuu itokayo Chalinze, ipitayo Mkata, Kabuku na Segera, iingiayo Korogwe na kuendelea Mombo hadi Moshi na Arusha, hujaa watu wanaokwenda kuwaona wazazi. Sisi tunaoishi Handeni na Korogwe tunawaona wakipita, na wengi wetu tunawapokea ndugu zetu wanaoshuka Mkata au Korogwe mjini wakitoka Dar es Salaam. Ni jambo jema. Mtoto apelekwe kwa babu na bibi, apakatwe, abarikiwe, aijue lugha ya kwao. Hatuandiki kuipinga safari. Tunaandika kupinga namna watoto wadogo wanavyosafirishwa, na zaidi sana kupinga maneno ya dini yanayotumika kuifunika namna hiyo.

Tuyataje mambo kama yalivyo. Mtoto wa miaka miwili hakatiwi tiketi. Konda anasema, "Huyo utampakata," na mzazi anashukuru kwa kuokoa nauli. Basi linaondoka alfajiri, na mtoto anapakatwa saa sita, saa nane, hadi miguu ya mama inakufa ganzi. Kwenye gari binafsi baba amefunga mkanda mbele, na mtoto amesimama kati ya viti akichungulia kioo. Akilia, ananyonyeshwa soda. Wapo wanaompa dawa ya mafua asiyoumwa, ili alale na abiria wasinung'unike. Kwenye basi wanasimamishwa mara moja kuchimba dawa vichakani, na dereva anapiga honi mtoto hajamaliza. Joto la Desemba tunalijua wenyewe: ukivuka Mkata mchana, upepo wa dirishani ni kama wa tanuri. Mtoto anafika kwa bibi ana homa, midomo imemkauka, na siku mbili za sikukuu zinaishia zahanati. Na hao ndio waliofika salama.

Kabla ya kuondoka palikuwa na sala. Wakafumba macho, wakamkabidhi Mungu dereva, matairi na barabara. Ukimwuliza mzazi kwa nini mtoto hana kiti, jibu ni moja: "Mungu atatulinda."

Jibu hilo tunalikataa, tena kwa jina la imani. Shetani alipompeleka Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu, hakumwambia aache kumtumaini Mungu. Alimwambia amtumaini: ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamdaka. Bwana alikataa, akasema Mungu hajaribiwi. Mzazi anayeweza kumfunga mtoto mkanda na asimfunge, kisha akaomba malaika, anarudia maneno yaliyosemwa pale juu ya kinara. Sala ni ya mambo yaliyo nje ya uwezo wetu. Mkanda, kiti, maji ya kunywa na saa ya kuondoka vimo ndani ya uwezo wetu.

Biblia inatupa pia mfano wa baba aliyesafiri vizuri na watoto. Somo hilo liko Mwanzo sura ya 33. Yakobo yuko njiani, anarudi kwa ndugu zake baada ya miaka mingi. Esau anamlaki, wanalia pamoja, na Esau kwa furaha anataka waondoke mara moja, waende pamoja. Ingekuwa rahisi kwa Yakobo kukubali. Ndiyo kwanza amepatana na kaka yake, na kumkatalia kungeweza kuamsha ugomvi wa zamani. Lakini anamwambia kwamba watoto ni wachanga, na kwamba mifugo inayonyonyesha ikiharakishwa hata siku moja tu, itakufa. Anamwomba kaka yake atangulie. Yeye atakuja polepole, kwa mwendo wa watoto.

Mwendo wa watoto! Yule baba hakuona aibu kuchelewa. Aliweka uhai wa wadogo mbele ya furaha ya mkubwa aliyekuwa anamsubiri. Swali kwa kila mzazi anayefunga mizigo mwezi Desemba ni hili: safari yako inakwenda kwa mwendo wa nani? Wa mtoto, wa dereva, au wa simu ya nyumbani inayouliza kila saa, "Mmefika wapi?"

Tunajua watakaotupinga, na tuwajibu.

Wa kwanza watasema: "Sisi tulikua hivyo hivyo, tulipanda hata malori, na tuko hai." Wanaosema hivyo ni wale waliofika. Wasiofika hawana ushahidi wa kutoa barazani. Tena njia imebadilika. Handeni hadi Korogwe ilikuwa vumbi, na gari lilitambaa. Leo kilomita 65 hizo ni lami, na hakuna anayetambaa. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, likasimama ghafla ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 12 anaivuta mikono inayomshika kwa nguvu kama ya mzigo wa zaidi ya kilo 150. Hakuna mama duniani mwenye mikono hiyo, hata ampende mwanawe namna gani. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa zaidi ya nusu. Upendo wa mama ni mkubwa, lakini haufungi kama mkanda.

Wa pili watasema: "Gharama." Hapa tuwe wakweli sisi kwa sisi. Wapo wasio nacho kabisa, na hao tutawasemea chini. Lakini wengi wanaosema gharama wameshona sare za Krismasi za familia nzima, wamebeba kreti za soda, wamechangia mbuzi. Vyote hivyo vinaonekana na kusifiwa kijijini. Kiti cha mtoto hakisifiwi na mtu, kwa hiyo ndicho kinachokatwa. Tena angalia anayelipa gharama hiyo kwa mwili wake: ni mama. Mara nyingi baba anakaa peke yake, mikono mitupu, amelala hadi Segera.

Wa tatu watasema: "Tusafiri usiku, mtoto atalala." Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wengi wameona hilo ni jawabu la safari za watoto. Lakini sisi wa Korogwe tunakumbuka usiku wa tarehe 3 Februari 2023 pale Magila Gereza, Coaster iliyobeba waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro ilipogongana na Fuso. Watu 17 walihesabiwa kwanza kuwa wamekufa, na wengine wakafariki baadaye. Hatuwahukumu wale marehemu. Walikuwa wakitimiza wajibu wa ukoo kama sisi sote. Tunachosema ni kwamba barabara haimhurumii mtu kwa sababu anakwenda kwa ndugu zake, na giza haligeuki salama kwa sababu mtoto amelala. Mama naye hulala, na mikono yake hulegea.

Sasa tuseme na wazee, kwa heshima yote. Babu zetu na bibi zetu, ninyi ndio akina Esau katika somo hili. Mnawapenda, mnawasubiri, na furaha yenu inawaharakisha. Mkwe asipofika tarehe 24, linasemwa jambo kisimani na hata kwenye kwaya. Kwa ajili ya maneno hayo binti anapanda basi lililojaa na mtoto mgonjwa mgongoni. Esau alikubali kutangulia, akamwacha ndugu yake aje taratibu. Semeni nanyi neno hilo: "Mwanangu, njoo Januari. Njoo Pasaka. Njoo mkipata kiti." Bwana wetu alizaliwa njiani kwa sababu Kaisari aliagiza watu wahesabiwe. Hakuna Kaisari aliyeagiza mjukuu wako ahesabiwe mezani siku ya Krismasi.

Na usharika wetu je? Siku ya ubatizo tulisimama pamoja na wazazi na wasimamizi, tukapokea mtoto yule awe wetu. Ahadi ile haiishii mlangoni pa kanisa. Kwa hiyo tunadai mambo matatu, na tunayadai kwanza kwetu wenyewe.

Mosi, mchungaji asiombee safari ya familia bila kuuliza mtoto atakaa wapi. Swali hilo ni sehemu ya sala. Pili, mfuko wa diakonia uwakumbuke wasio na uwezo, mjane na mama anayelea peke yake, ili apate nauli ya kiti cha pili. Tunachanga haraka kwa msiba, basi na tuchange kabla ya msiba. Tatu, makanisa yaliyo kando ya barabara hii, tangu Mkata hadi Mombo, yafungue malango kuanzia tarehe 20 Desemba: choo safi, maji ya kunywa, mkeka chini ya mwembe, mahali pa mama kunyonyesha na mtoto kukimbia nusu saa. Mwenye gari binafsi apumzike hapo, na aliyechoka alale hadi kesho. Michungwa tunayo na viwanja tunavyo. Tusifunge malango yetu wiki ileile tunayoimba kwamba mtoto mmoja alikosa nafasi nyumba ya wageni.

Mwenda pole hajikwai, wazee walisema. Yakobo alichelewa, lakini watoto wake wote walifika. Mwaka huu tuwasubiri wetu kwa moyo huo, na watakaposafiri, wasafiri kwa mwendo wa aliye mdogo kuliko wote garini. Amina.