Meno ya Mbwa na Haki ya Mnyonge
Mwenye mbwa hufaidi ulinzi wake usiku. Ni haki pia abebe hasara ya meno yake. Hata hivyo, mahali pengi nchini Tanzania mtoto akiumwa, jambo humalizwa kwa pole na fedha kidogo, na mzazi huachiwa gharama za chanjo, nauli na siku za kazi zilizopotea.

Sheria haikubali hivyo. Aliyejua kwamba mbwa wake ni mkali, au aliyezembea kumfunga, aweza kudaiwa fidia mahakamani, na sheria ya ukomo wa mashauri ya mwaka 1971 humpa mdai miaka 3. Lakini kichaa cha mbwa hakingoji shauri. Jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitali. Taarifa ya polisi, cheti cha daktari na stakabadhi zote zihifadhiwe, maana ndizo ushahidi.

Walimu na watumishi wa Serikali hawana budi kuwaeleza wananchi haki hii, pamoja na msaada ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewawekea wasio na uwezo. Ujirani mwema haudumu kwa kumtwisha mnyonge hasara. Hudumishwa na mwenye mbwa anayemchanja, anayemfunga na, inapobidi, anayelipa.