Kabla ya kusaini mkopo wa nyumba, mzazi aulize nguo zitaanikwa wapi

Nyumba ya maonyesho huwa imepangwa ikapangika: vigae vinang'aa, jikoni kuna makabati, sebuleni kuna zulia. Baba na mama hutoka hapo wakipiga hesabu ya mshahara na miaka ya mkopo. Ni wachache wanaouliza nguo za watoto zitaanikwa wapi.

Mtaa wa Buru Buru, mashariki mwa Nairobi, una funzo kwao. Ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, kwa ajili ya familia za kipato cha kati zilizonunua kwa mkopo. Nyumba nyingi zilipangwa kuzunguka uwanja mdogo wa pamoja, hivyo watoto wakacheza karibu na nyumbani. Kila familia ilikuwa na kipande chake cha ardhi.

Miaka ilivyosonga, wenye nyumba wengi walitumia kipande hicho kuongeza vyumba. Wengine walipangisha, wengine wakafungua duka au saluni. Mtaa ukasongamana, na wapo wanaosikitika kwamba sura yake ya zamani imepotea. Hata hivyo, vyumba hivyo vinaonyesha jambo ambalo ramani haikuonyesha: familia haibaki ilivyokuwa siku ya kununua. Mtoto huzaliwa, mpwa huja kusoma, nyanya huletwa mjini kutibiwa, na pengine kazi hupotea.

Leo nyumba nyingi za kundi hili ni za ghorofa, na ghorofa ya nne haina pa kuongeza chumba. Anayechora ramani hana budi kufikiria mapema, na mzazi hana budi kukagua kabla ya kusaini. Je, kuna roshani ya kuanika nguo inayopata jua? Tangi litatosha siku ngapi mfereji ukikauka? Mzee asiyeweza ngazi atapandaje umeme ukipotea? Mtoto atacheza wapi bila kuvuka barabara? Ada ya usafi, ulinzi na lifti ni kiasi gani kila mwezi, juu ya mkopo?

Maswali haya hayahitaji fundi wala wakili. Yanahitaji wazazi wakae chini jioni moja, waandike jinsi siku yao inavyokwenda tangu alfajiri, kisha warudi kwenye nyumba ile na karatasi hiyo mkononi.