Bawabu Asiyemjua Mwana wa Nyumba

Kila tusikiapo kwamba akaunti ya mtu imeingiliwa, huwa wepesi wa kumlaumu mwenyewe, kwamba amebofya asichokijua au ametoa neno lake la siri. Nami naona lawama hiyo aghalabu ni dhuluma, na ushahidi wangu ni yale yaliyotokea Marekani tarehe 4 Oktoba 2005.

Tovuti ya MySpace iliwaruhusu watu kupamba kurasa zao, ila ilikataza neno "javascript", maadamu kwa lugha ya jina hilo mtu aweza kukiamuru kivinjari cha mwenziwe. Samy Kamkar, kijana wa miaka 19, akalikata neno lile vipande viwili katika msimbo alioupachika kwenye ukurasa wake, "java" mstari wa juu na "script" mstari wa chini. Mchujo wa tovuti haukulitambua, ukalipitisha. Vivinjari kadhaa vya zama zile, kwa ukarimu usio mahali pake, vikaviunga vipande na kutii. Aliyeufungua ukurasa ule, hata asiguse kitu, kivinjari chake kilimwomba Samy urafiki kwa jina lake, kikaandika katika wasifu wake kwamba Samy ndiye shujaa wake, kisha kikaupachika msimbo uleule hapo umngojee mgeni wa pili. Kwa muda wa saa zipatazo 20, waliopatwa walizidi 1,000,000.

Kivinjari ni kama bawabu amwonaye mtu akitoka ndani ya nyumba ya bwana wake, akamdhania ni mwana wa nyumba: kila amri itokayo kwenye tovuti huihesabu kuwa kauli ya tovuti yenyewe, hata ikiwa imeandikwa na mpita njia.

Mwaka 2007 Kamkar alikiri kosa mahakamani Los Angeles, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3 na kazi za kijamii. Alikosa, sikatai. Lakini CERT, kituo cha usalama wa kompyuta cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilikwisha kutoa indhari juu ya hila za namna hii Februari 2000, miaka mitano na zaidi kabla yake, na dhima ya kuisikia ilikuwa juu ya wajenzi, si juu ya aliyekwenda kutazama picha za rafikiye.

Nao wajenzi wa tovuti zetu, za benki na za serikali, nawataka wasitegemee kuwinda maneno mabaya, kwani mjanja hatakosa namna ya kuyakata, bali kila aliloandika mgeni walifanye maandishi matupu, ile alama ya < isiwe kifungua amri ila herufi tu. Hapo msimbo uliofichwa hujitokeza wazi ukurasani, mtu akausoma, na kivinjari kisiutii.